Washa Kengele Kwanza, Ndipo Uangalie Ubao

Wanangu, wengi wenu mnanijua kwa mstari mmoja tu. Uko ndani ya programu ya ile mashine ya Moroni, juu ya sehemu inayozilaza prosesa zisizo na kazi, na unasema: "Usibadilishe mpangilio huu hata ukiuona wa kijinga. Muulize Zainabu." Sasa nimestaafu, nimerudi mjini kwetu Mutsamudu, na magoti yangu yamekataa ngazi. Lakini kila baada ya miezi michache mmoja wenu ananipigia kuuliza kuna nini katika mpangilio ule. Nimechoka kueleza kwa simu. Naandika mara moja, msome wote.

Mnisamehe nikitangatanga, ndivyo nilivyoishi. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, si kwa shida bali kwa kutotulia. Kabla ya kufika ishirini nilikuwa nimeshona magauni, nimechemsha maua ya ilangilangi ya kutengenezea manukato, nimepima karafuu bandarini na kufukuzwa kwa sababu nilifungua mizani nione ndani mna nini. Baadaye nilikaa Unguja na Tanga, na huko ndiko nilikookota hiki Kiswahili ninachowaandikia. Kompyuta nilianza kuzifungua nikiwa mtu mzima, kwa hamu ileile ya mizani.

Tuanze na mashine ya Moroni, maana wengine wenu mmeanza kazi juzi. Mnajua kwamba ni sanduku moja la chuma, na ndani yake zinaishi mashine sita zisizo na mwili, mashine pepe. Moja inashika barua, moja orodha ya abiria wa boti za visiwani, na nyingine kazi zake mbalimbali. Kila moja inaamini kwamba ina prosesa yake peke yake. Kumbe prosesa za kweli ni mbili tu, na chini ya zote kuna programu inayogawa zamu: haipavaiza, ambayo sisi tuliiita msimamizi. Mashine pepe ikikosa kazi, prosesa yake pepe humwambia msimamizi, "Sina la kufanya, nalala." Msimamizi humtoa kwenye zamu na kumpa mwingine nafasi. Kazi ikiingia, labda barua imefika, hupigwa ishara, na msimamizi humwamsha aliyelala. Hayo tu. Kulala na kuamshwa. Mtu anaweza kudhani hapo hapana pa kukosea.

Nilifanya kazi hiyo na Nasra, msichana aliyesoma Dakar na aliyeniheshimu kuliko nilivyostahili. Umeme wa Moroni mnaujua. Saa nyingi tuliishi kwa jenereta, na jenereta inakunywa dizeli kama ngamia aliyefika kisimani. Siku moja Nasra aliona mashine pepe zinachelewa kuamka.

"Bweni Zainabu," akaniambia, na bweni kwetu ni bibi wa kuheshimiwa, "hizi zinalala mno. Tuzikataze kulala."

"Zifanye nini zikikosa kazi?"

"Zizunguke zikiuliza: kazi ipo? kazi ipo?"

Akazikataza. Kwa nusu siku kila kitu kilikwenda kama umeme wa radi. Kisha feni za sanduku zikaanza kunguruma, chumba kikawa tanuri, na mkuu wa ofisi akapanda ngazi kutuuliza kama tunakaanga mihogo humo ndani. Jenereta ilikauka kabla ya alasiri. Basi tukageuza upande wa pili: tukaingia wenyewe ndani ya msimamizi, maana programu ile chanzo chake ni wazi kwa kila mtu, tukaandika upya sehemu ya kulaza ili asiye na kazi alale upesi. Dizeli ikadumu. Tukapongezana kwa chai.

Kisha barua zikaanza kukwama. Si zote, wala si kila siku. Barua ilifika mlangoni, na mashine ya barua ilikuwa imelala usingizi wa pono. Ukiigusa kidogo, ukiiuliza chochote, inaamka na kuitoa barua papo hapo kama kwamba ilikuwa nayo mkononi. Na usipoigusa, inangoja hadi saa yake ya ndani iishtue. Ukikaa kuichunguza, haikosei.

"Ina kiburi," Nasra akasema. "Inalala makusudi."

Tulitafuta wiki tatu. Nilipofika mwisho wa akili yangu nilichapisha ukurasa ule tulioandika sisi wenyewe, nikausoma kwa sauti kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Ulisema hivi: angalia kama kuna ishara inayongoja, kama hakuna, andika kwamba huyu amelala, kisha mlaze.

Kosa lile nilikuwa nimekwisha kulifanya, neno kwa neno, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa miguu yangu miwili, na aliyeumia hakuwa mimi.

Alikuwa Fundi Hamadi.

Hayo ni ya miaka ya mwanzo ya uhuru wetu. Wafaransa walikuwa wameondoka na wataalamu wao na vipuri vyao. Kiongozi wa wakati ule, tuliyemwita Mongozi, aliamini kwamba nchi mpya yataka mikono mipya, basi serikali yake ikawaachisha watumishi wote na kuzikabidhi ofisi kwa vijana. Wako waliocheka na wako waliolia, na wengi walifanya yote mawili. Kwetu Hombo, mtaa wa Mutsamudu, mwenyekiti wa kamati ya vijana alikuwa Abdu, kijana wa miaka ishirini na moja mwenye kofia ya kijeshi isiyomtosha. Alinikuta barazani nimeitawanya redio ya jirani juu ya mkeka.

"Wewe, umeme huuogopi?"

"Umeme ndio uniogope mimi."

"Namba unasoma?"

"Hata za Kifaransa."

"Basi kesho unakaa posta, kwenye simu."

"Na Fundi Hamadi?"

"Fundi Hamadi akapumzike. Ameketi pale tangu sijazaliwa."

Fundi Hamadi alikuwa ndiye simu ya Mutsamudu. Mtu hakusema "nakwenda kupiga simu", alisema "nakwenda kwa Fundi". Alijua nani amemnunia nani, kwa hiyo alijua nani asiunganishwe na nani. Nilipofika asubuhi ile nikiwa na ufunguo wa kamati, nilimkuta keshaketi kwenye benchi la wateja, koti limepigwa pasi, kofia nyeupe, mikono juu ya mkongojo.

Abdu alikuja kuhakikisha kila kitu kiko sawa, akamwona.

"Fundi, umeachishwa kazi."

"Nimesikia, mwanangu."

"Sasa mbona uko hapa?"

"Hili benchi ni la wateja. Mimi ni mteja. Nangoja simu."

Na ilikuwa kweli. Binti yake Echata alikuwa ameolewa Majunga, ng'ambo, kwenye kisiwa kikubwa cha Bukini. Huko watu wetu walikuwa wameshambuliwa na kuuawa, na waliosalimika walikuwa wakirudishwa kwa meli na ndege, wengi wakishushwa Moroni. Baba yake hakuwa na habari yoyote, si ya uhai wala ya kifo. Aliwapelekea ujumbe watu wote aliowajua: Echata akionekana Moroni, apelekwe posta, aiombe Mutsamudu. Mstari wa Moroni, iliyo kisiwa kingine, ulikuwa wa redio, ukifunguliwa saa chache tu kila siku, kuanzia karibu na adhuhuri. Fundi alikuwa amefukuzwa kutoka kwenye kiti pekee ambapo sauti ya bintiye ingeweza kufika.

Abdu alikuna kichwa chini ya ile kofia. Hakuwa mtu mbaya.

"Kaa," akasema. "Lakini usivuke kaunta. Ukivuka, nitaulizwa mimi."

"Sivuki."

Wala hakuvuka. Alinifundisha kazi yote kwa mdomo, akiwa upande wa pili wa mbao zile, bila kugusa hata waya mmoja.

Ubao wa simu wa siku zile ulikuwa kama kabati lenye macho. Kila mteja alikuwa na kibati kidogo cha shaba. Akipiga, kibati chake kinaanguka. Unachomeka waya, unamuuliza anamtaka nani, unamuunganisha, unakiinua kibati. Wateja walikuwa wachache kuliko idadi ya meno yangu, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku haikuwa na kazi. Mtu hawezi kukodolea macho ubao kutwa nzima. Ndiyo maana palikuwa na kengele.

Kengele ya Wafaransa ilikuwa inalia mfululizo tangu kibati kinapoanguka hadi kiinuliwe, na ilikula betri. Betri mpya hazikuja tena. Fundi alikuwa amekwisha iondoa na kutengeneza yake, kwa kengele ya baiskeli na koili ya zamani: kibati kikianguka, inagonga mara moja, ting, na umeme unakatika. Betri zilizokuwa zikiisha kwa mwezi zikadumu zaidi ya nusu mwaka. Ilikuwa kazi ya akili sana. Nawaomba mkumbuke tu kwamba iligonga mara moja.

Somo lake la kwanza lilikuwa la kutokuwa na haraka ya kupumzika. Nilikuwa nikimaliza simu moja, naruka kwenda dirishani kutazama watu.

"Kaa," ananiambia. "Hesabu pumzi kumi."

"Za nini, Fundi?"

"Umemuunganisha nani sasa hivi?"

"Mwenye duka la vitambaa, na wakala wa meli."

"Basi wakala amemwambia meli imechelewa. Mwenye duka atafanya nini?"

Kabla sijajibu, kibati cha mwenye duka kikaanguka tena. Alitaka kumpigia shemeji yake amlaumu. Simu huzaa simu. Ukisimama upesi utarudi upesi, na kusimama na kurudi kunachosha kuliko kukaa. Nasra nami tuliliweka hilo ndani ya msimamizi: prosesa ikikosa kazi, isilazwe papo hapo, ingoje kidogo ikitazama mlango. Kidogo tu. Pumzi kumi, si mia. Kumi zinaokoa muda, mia zinakausha jenereta.

Somo la pili lilihusu kuamka bure. Siku moja kengele ikagonga, nikachomeka waya kwenye namba ya daktari, nikasema "posta" kwa sauti ya heshima, kimya. Ikagonga tena, kimya. Mara ya tatu nilimtukana daktari polepole, nikidhani ananichezea. Fundi, aliyekuwa amesimama kaunta, akacheka hadi akashika mbavu.

"Tazama juu ya kibati."

Alikuwa mjusi. Anapita juu ya ubao, mkia unakigusa kibati, kibati kinaanguka.

"Kengele haikuambii kuna simu," Fundi akasema. "Kengele inakuambia nenda ukatazame. Hayo ni mambo mawili." Nimewaona vijana wenye shahada wakikesha kwa kutojua tofauti hiyo. Aliyeamshwa asidhani kazi ipo. Akague. Ikiwa haipo, alale tena bila manung'uniko.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Posta yetu ilikuwa imebanana na msikiti, ukuta kwa ukuta. Zamani wazee walilalamika kwamba ting ya Fundi inawapotezea rakaa, naye aliwakubalia: adhana ikianza, anazima kengele kwa swichi ya ukutani, na sala ikiisha anaiwasha. Hakuna aliyeliandika jambo hilo popote. Lilikuwa la ujirani. Abdu aliposikia alisema dini isiendeshe simu za serikali, kengele ilie saa zote. Siku iliyofuata alirudi, ametazama chini.

"Endelea kuizima," akasema.

"Kamati imebadili uamuzi?"

"Koko amebadili." Koko alikuwa bibi yake, na alikuwa ndiye mtu pekee katika Hombo nzima ambaye kamati ilimwogopa.

Basi kengele ikizimwa, sheria ilikuwa hii: huondoki kitini, na macho hayaondoki ubaoni, kwa sababu sasa macho yako ndiyo kengele. Sala yangu niliichelewesha hadi wanaume watoke. Nikisikia salamu ya mwisho ukutani, nakwenda kuiwasha kengele, halafu niko huru kuingia chumba cha nyuma, nisali, nile. Swichi ilikuwa ukutani upande wa pili wa chumba, hatua sita.

Siku ile nilikuwa na njaa. Mama alikuwa ameniwekea shelisheli la nazi ndani ya kibakuli, na harufu yake ilinifikia tangu adhana. Sala ilipokwisha, nikautazama ubao. Vibati vyote juu. Nikageuka, nikatembea hatua sita, nikawasha kengele, nikaingia nyuma. Nikasali upesi kuliko inavyofaa, nikala polepole kuliko inavyofaa. Kengele haikugonga. Nilisikia Fundi akirudi kutoka msikitini, akiketi kwenye benchi lake, akisalimiana na wapita njia. Kutoka benchini ubao hauonekani.

Niliporudi, kibati cha Moroni kilikuwa chini.

Nikachomeka waya. Mwenzangu wa Moroni alikuwa mwanamke mmoja, Bi Moina, sauti yake kama pilipili.

"Mutsamudu, mmekufa wote huko?"

"Niko, Bi Moina."

"Uko sasa. Nimekupigia zamani. Alikuwepo hapa mwanamke, katoka Majunga, mkono umefungwa kitambaa. Anamtaka Fundi Hamadi. Nikakupigia, kimya. Akangoja, nikakupa muda, kimya. Nyuma yake foleni ilifika mlangoni, mwanangu. Nikampa mwingine mstari."

"Jina lake?"

"Sikuuliza. Na yeye hakusema. Alikuwa na mtoto mgongoni, anamtuliza."

"Yuko wapi?"

"Katoka. Wanasema wamewapa vyumba mtaa wa Badjanani, kisha watawagawa vijijini. Usinilaumu."

"Sikulaumu."

Nikavua visikilizio. Fundi alikuwa anatazama mtaani, mgongo wake kwangu. Wanangu, nawaambia lililo la kweli: uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzima, umevaa na viatu. Redio ilikuwa mbovu siku nyingi. Ningesema redio ilikatika, nani angejua? Nilikaa na uongo ule kiasi cha kuinua vibati viwili. Kisha nikaenda kwenye kaunta.

"Fundi, kulikuwa na simu yako. Imenipita."

Akageuka taratibu. Nikamwambia yote, mwanamke, kitambaa, mtoto, Badjanani. Nilitamani anigombeze, kwa kuwa yule anayegombeza anakubebea nusu.

"Kengele ulikuwa umeiwasha?" akauliza.

"Niliiwasha."

"Ubao ulikuwa umeutazama?"

"Niliutazama. Vyote vilikuwa juu."

"Kabla ya kuwasha, au baada?"

Niliziona zile hatua sita, mgongo wangu kwa ubao, na kengele bado imezimwa. Ndani ya hatua hizo hapakuwa na macho wala hapakuwa na kengele. Kibati kilianguka humo, kikimya kabisa. Nilipoiwasha, kengele haikuwa na cha kugonga, maana hugonga pale kibati kinapoanguka, si kikiwa kimekwisha anguka.

"Kabla," nikasema.

Fundi akatikisa kichwa. "Washa kwanza," akasema, "ndipo uangalie. Ukifanya hivyo, kilichoanguka mapema utakiona, na kitakachoanguka baadaye utakisikia. Sikukuambia. Miaka yote mwili wangu unafanya hivyo peke yake, sikujua kama ni jambo la kumwambia mtu. Na kengele inayogonga mara moja nimeitengeneza mimi. Tuligawane hilo, mwanangu."

Aliposema tuligawane ndipo nilipolia.

Kesho yake redio ya Moroni ikakatika kwelikweli, na kipuri hakikuwepo. Mstari ukawa kimya siku baada ya siku. Fundi alikuja kila asubuhi na koti lake. Boti za kwenda Moroni zilikuwa hazina uhakika, na daktari alikuwa amemkataza bahari kwa sababu ya moyo. Hakuwa na la kufanya ila kungoja, na mimi sikuwa na la kufanya ila kumtazama akingoja, nikijua kwamba kama Echata amekwisha pelekwa kijijini, huenda hatafika tena karibu na simu kwa mwaka mzima, na kama mwanamke yule hakuwa Echata, basi ni nani, na ametumwa kusema nini.

Siku ya tatu Fundi akasema, "Tuihamishe ile swichi."

Alinielekeza kutoka benchini, mimi nikiwa chini ya kiti na bisibisi mdomoni. Tuliing'oa ukutani tukaifunga chini ya kiti, pamoja na kipande cha springi ya godoro. Wakati wa sala naikandamiza kwa uzito wangu, kengele imezimwa. Nikiinuka tu, springi inaiwasha yenyewe. Hakuna tena hatua hata moja kati ya kuondoka na kengele kuwa tayari. "Na unapoinuka," Fundi akasema, "inuka uso wako ukiwa ubaoni. Ukishasimama wima ndipo ugeuke." Abdu aliingia akanikuta nimelala chini ya kiti, akauliza kama kamati imenituma kufanya hivyo. Fundi akamjibu kwamba mteja ana haki ya kutoa maoni.

Miaka mingi baadaye, Moroni, nilimwambia Nasra tugeuze mistari miwili. Kwanza andika kwamba prosesa hii imelala, ili anayeleta ishara ajue kwamba lazima agonge mlango. Kisha, ukiwa umekwisha kuandika, angalia tena kama kuna ishara iliyofika. Ikiwepo, futa, amka. Isipokuwepo, lala. Anayeleta ishara naye afuate utaratibu wake: kwanza aiweke ishara mahali pake, ndipo aangalie kama wa kuipokea amelala, amgonge. Mkifanya hivyo nyote wawili, mmoja wenu lazima atamwona mwenzake. Mkigeuza, upo upenyo ambamo kila mmoja anadhani mwenzake yuko macho.

"Lakini Bweni," Nasra akasema, "tunaangalia mara mbili. Huo si upotevu?"

"Ni upotevu mdogo."

"Vitabuni wanaeleza kwa kurasa nne."

"Nami nilielezwa kwa maneno mawili, ila yalinifika kwa kuchelewa."

Barua hazikukwama tena. Ndipo nilipouandika ule mstari. Nasra alitaka tuandike sababu kamili. Nikaona sababu kamili haitoshi pale.

Ningependa kuwaambia kwamba kiti kile cha springi ndicho kilichotuokoa mwishowe. Hapana. Mstari wa Moroni uliporudi, siku ya tisa, ilikuwa mchana wa kazi tu, mimi niko kitini nimeukodolea ubao kama paka, na kibati cha Moroni kikaanguka mbele ya macho yangu. Hakuna aliyehitaji kengele.

"Mutsamudu," Bi Moina akasema, na sauti yake haikuwa na pilipili. "Mimi mwenyewe nimemtafuta mwanamke wenu. Baada ya kazi nimepita mlango kwa mlango Badjanani, miguu imevimba. Yuko hapa. Mlete mzee."

Abdu alikuwa amekuja kuchukua karatasi. Nilimtazama. Akauinua ubao wa kaunta kwa mkono wake, akasema, "Fundi, pita," kisha akageukia ukutani akaanza kusoma tangazo alilolibandika yeye mwenyewe.

Fundi aliketi kwenye kiti chake cha zamani kama mgeni, pembeni kabisa, hata ile swichi haikukandamizwa. Nilimvalisha visikilizio. Kwa kawaida mwendesha simu hubaki kwenye mstari, na mwanzo nilikuwa nimejibakishia kisikilizio kimoja. Nikamsikia mwanamke anaamkia, salamu ile ya mtoto kwa mkubwa wake:

"Kwezi, baba."

"Mbona," Fundi akaitikia, maana kwetu ndilo jibu la salamu hiyo. "Mbona, Echata. Mbona, mwanangu."

Hapo nikakitoa sikioni kwangu. Yaliyobaki niliyasikia upande mmoja. Mkono unauma? Mtoto anakula? Akauliza kuhusu mumewe, kisha akainamisha kichwa, akasema tu, "Inna lillahi." Kisha akaanza kumwambia habari za nyumbani, ndogo ndogo, kuku, paa lililotengenezwa, chumba chake kipo vilevile.

Dakika tatu za kila simu zilikwisha. Ilikuwa kazi ya Bi Moina kukata, na hakukata. Kibati cha wakala wa meli kikaanguka, ting. Kikafuata cha mwenye duka la vitambaa. Kikaanguka cha ofisi ya bandari, halafu cha kamati, na Abdu akazidi kulisoma tangazo lake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni.

Fundi akasikia kengele, akaona vibati. Akafunika kinywa cha simu kwa kiganja, akageuza shingo, macho yamejaa.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "una watu wanangoja."

"Nawaona, Fundi," nikasema. "Endelea."